Meneja Amekula?

Kila jioni Nesi akirudi kutoka zahanati, kabla hajavua viatu, kabla hata hajatua mkoba, aliuliza swali moja: "Meneja amekula?"

Meneja ni mbwa. Tuliseme hilo mapema, maana kuna wateja wa saluni waliokaa miezi wakidhani Nesi, mke wa Kinyozi, ana bosi asiyejua kujipakulia. Ni mbwa wa kahawia, mzee, sikio moja limesimama na jingine limelala, mwenye tabia ya kukaa mlango wa jikoni akiwakagua wanaoingia na kutoka kana kwamba anaandika majina ya waliochelewa. Ndiyo sababu ya jina lake. Na aliyempa jina hilo ni Dereva, mume wa kwanza wa Nesi, aliyefariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa moyo.

Hapo ndipo palipokuwa na donda. Kinyozi alikuwa na miezi saba tu ya ndoa. Alihamia kwa Nesi na mashine zake mbili za kunyolea, akakuta nyumba safi na mke mcheshi. Picha ya Dereva, Nesi alikuwa ameiondoa ukutani mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akaipeleka kwa mama wa Dereva. Nguo aligawa. Vilivyobaki ni viwili: Meneja, na sweta la kijivu ambalo Meneja alilala juu yake.

Sweta lile lilikuwa zito, la mtu wa safari ndefu, limetoboka viwiko. Yeyote aliyelisogelea alingurumiwa na mbwa yule mzee. Nesi peke yake ndiye aliyeruhusiwa. Kila Jumamosi alilifua, akalianika, na Meneja akakaa chini ya kamba akilisubiri likauke. Kinyozi aliyaona yote hayo kutoka dirishani na chai ikamgeuka mdomoni. Sweta la mfu linafuliwa kila wiki, alijisemea, na shati langu la kazini limepotea tangu mwezi wa kwanza hakuna anayelitafuta. Ni kweli, shati lake la buluu lilikuwa limepotea. Alipouliza, Nesi alisema, "Litaonekana tu," akaendelea kukatakata vitunguu.

Kijiba cha roho kilimkaa, na mwenyewe hakutaka kukiita kwa jina lake. "Mimi? Nimwonee wivu mbwa?" alikiuliza kioo cha saluni asubuhi moja, na kioo kikamwonyesha mwanamume mzima aliyenuna. Yeye aliyeshika vichwa vya watu kutwa nzima, kichwa chake hakikushikwa na mtu. Lakini Meneja alikunwa nyuma ya sikio akiamka, akila, akimaliza kula, na mara nyingine bila sababu yoyote. Kinyozi alijua idadi. Mtu mwenye wivu huwa hodari wa hesabu.

Jumapili moja jioni alikuwa anapita ukumbini, akamsikia mkewe jikoni akimpiga Meneja brashi na kumwambia kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye unayenijua. Wewe ndiye uliyebaki." Basi. Maneno yale yalimwingia Kinyozi kama maji kwenye sikio. Alitikisa kichwa, hayakutoka. Alikaa mezani mbele ya chakula kizuri akatafuna bila kusikia ladha. Nesi alimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, amechoka tu.

Jumatatu saluni hufungwa. Nesi aliondoka mapema na sare yake nyeupe, na Kinyozi akabaki nyumbani na mpinzani wake. Alimwekea chakula, kama alivyoagizwa. Meneja alipoinamisha kichwa kwenye bakuli, Kinyozi akanyoosha mkono kulivuta sweta.

Meneja alinguruma mara moja. Kwa haki kabisa, alitoa onyo kabla ya kuchukua hatua. Kinyozi akavuta tena, na meno yakafika.

Hayakuwa makubwa mambo yenyewe. Matundu mawili madogo na mkwaruzo, mkono wa kulia, kati ya kidole gumba na cha shahada. Meneja aliachia papo hapo, akarudi nyuma masikio yote mawili yamelala, akaonekana ameona aibu kuliko aliyeumwa. Kinyozi alisimama na sweta mkononi, damu ikimtiririka hadi kwenye kifundo, na jambo la kwanza lililomjia si maumivu. Ni swali: Nesi akiniuliza nitamwambia nini?

Sasa, kinyozi akimkata mteja hufanya mambo matatu: spiriti, shabu, tabasamu. Ndicho alichojua, ndicho alichofanya. Alifungua sanduku lake la kazi, akamwaga spiriti juu ya matundu mpaka machozi yakamtoka, akasugua kipande cha shabu damu ikakata, kisha akakaza plasta raundi tatu, imara, pasionekane hata doa. Maji hayakugusa jeraha lile. Sabuni haikugusa. Kwa mkato wa wembe ingetosha, lakini wembe hauli makombo wala haulambi sakafu.

Sweta alilibeba chini ya kwapa mpaka saluni. Nyuma ya mlango kulikuwa na gunia la nywele zilizofagiwa, la kusubiri mzoa taka apite Alhamisi asubuhi. Alilisukumiza humo, akalifukia chini ya nywele za mtaa mzima, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba. Njiani kurudi alijisikia mwepesi. Hata alipiga mluzi.

Jioni: "Meneja amekula?"

"Amekula."

"Na huo mkono?"

"Wembe."

Nesi alicheka. "Kinyozi mzima! Nikisikia wateja wako wamehama nisishangae." Kisha akatazama mlango wa jikoni, kicheko kikaisha. "Sweta lake liko wapi?"

"Sijui. Labda ameliburuta nje."

Walilitafuta uani, nyuma ya tangi, chini ya ngazi. Kinyozi alilitafuta kwa bidii kuliko mtu yeyote. Aliinama hadi uvunguni mwa banda la mkaa, macho makavu. Meneja hakutafuta. Alijilaza kwenye saruji tupu mahali sweta lilipokuwa, akaweka kidevu chini.

Jumanne Nesi alirudi akauliza swali lake. Kinyozi akalazimika kujibu, "Hajala."

"Hajala kabisa?"

"Hata maji kagusa kidogo tu."

Jumatano Kinyozi alikuwa saluni akimnyoa Mwalimu, mzee mstaafu ambaye huja kila wiki mbili na kulalamika kila dakika mbili. Mkono ulikuwa umevimba. Ulipwita kama una moyo wake mwenyewe, na vidole havikushika kitana. Mwalimu alijitazama kiooni muda mrefu.

"Kijana, sharubu hizi umenipimia kwa rula iliyovunjika?"

"Nisamehe, Mwalimu. Mkono."

Mwalimu aliushika, akaugeuza. Ngozi iliyozunguka plasta ilikuwa nyekundu, inang'aa, ina joto. "Mkeo ni nesi," alisema, "na wewe unatembea na kitu hiki? Nenda nyumbani kabla hujapelekwa kwake kwenye machela."

Alikwenda. Nesi alikuwa ametangulia kufika siku ile, na hakuuliza la Meneja wala la mtu mwingine, kwa sababu alipoona tu namna mumewe anavyofungua mlango kwa mkono wa kushoto alivaa uso wa kazini. Alimkalisha jikoni, akaibandua plasta taratibu. Usaha kidogo ulitoka chini yake. Nesi alitazama matundu mawili, akatazama mkwaruzo, kisha akamtazama mumewe usoni.

"Huu wembe wako una meno?"

Kinyozi alimtupia Meneja jicho.

"Amekuuma lini?"

"Juzi. Jumatatu."

"Na ukaosha na nini?"

"Spiriti. Na shabu."

"Na kufunga nimeona, kama unaziba bomba." Alimvuta hadi kwenye sinki, akafungulia maji, akatoa saa yake ya mkononi na kuiweka dirishani waione wote wawili. "Dakika kumi na tano. Hili lilitakiwa lifanyike Jumatatu ile ile, dakika ile ile. Kuumwa na mbwa ni maji yanayotiririka na sabuni kwanza, hata kama ni mkwaruzo, hata kama ni mbwa wako mwenyewe. Halafu dawa ya jeraha, halafu kitambaa safi kilicholegea, na moja kwa moja zahanati. Hakikazwi. Ukikaza unafungia uchafu ndani ukae raha mustarehe."

Aliosha. Povu, maji, povu, maji. Aliushika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, akipitisha kidole gumba pole pole pembeni mwa jeraha, na Kinyozi, Mungu amsamehe, alifurahi. Ilikuwa inauma na alifurahi. Tangu waoane mkewe hajawahi kumshika dakika kumi na tano mfululizo. Alitazama saa ya dirishani akaomba iende polepole, na kwa pembe ya jicho akamtazama Meneja pale kwenye saruji: umeona?

"Niambie vizuri," Nesi alisema bila kuinua kichwa. "Alipokuuma ulikuwa unafanya nini? Ulimkanyaga? Uligusa chakula chake? Ulimshtua?"

Ukweli ulikuwa pale pale ulimini. Lakini ukweli ungekuja na sweta, na sweta lingekuja na gunia, na mkono ule ungeachiwa.

"Sikufanya kitu. Nilikuwa napita tu."

Mikono ya Nesi ilisimama. Kisha ikaendelea kuosha, ila sasa ilikuwa mikono ya zahanati.

"Hukumchokoza kabisa?"

"Kabisa."

"Na tangu juzi hali, hanywi, amejikunja." Alikuwa hasemi na mumewe tena, alikuwa anajipangia mambo. Dakika kumi na tano zilipotimia akafunga maji. "Vaa viatu."

Zahanati daktari aliuliza swali lile lile, na Kinyozi akajibu uongo ule ule, safari hii ukaandikwa kwenye faili. Akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa vidonge, akaanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nesi alikuwa amekuja na kadi ya Meneja, chanjo zake zote zimegongwa mihuri hadi ya mwaka ule. Daktari aliitazama akaitikia kwa kichwa, lakini hakuitegemea.

"Mbwa aliyeuma kwa kuchokozwa, tunamwangalia siku kumi hapo hapo nyumbani," alisema. "Huyu kauma bila sababu na kaacha kula. Namwita daktari wa mifugo kesho saa tatu. Atamchukua."

"Atamrudisha?" Kinyozi aliuliza.

Daktari alimtazama Nesi, akamwachia ajibu.

"Akizidi kuwa hivi hawatasubiri siku kumi, watamuua," alisema Nesi. "Ni lazima. Ni wewe au yeye, na hapo hakuna cha kufikiria."

Basi alichaguliwa. Miezi saba alikuwa akingoja neno lile, na lilipokuja lilitua tumboni kama ugali mbichi. Walirudi nyumbani. Nesi alimfunga Meneja kwa kamba ndefu, kwa tahadhari zote, kisha akakaa kwenye kigoda mbali naye, mahali kamba isipofika. Meneja alijiburuza kwa tumbo kumfuata mpaka kamba ikakaza, akanyoosha shingo akunwe. Nesi alikalia mikono yake. Aliikalia kabisa, chini ya mapaja, isimponyoke, na machozi yakamdondokea kwenye sare.

Kinyozi aliyatazama machozi yale. Na wivu, tazama ulivyo mnyama, ukamwambia: analilia mume wake. Lakini kwa mara ya kwanza hakuuamini.

Alhamisi aliamka kabla ya jua, akaenda saluni karibu anakimbia. Mzoa taka alikuwa amekwisha fika nyumba ya tatu. Kinyozi alilinyakua gunia lake mlangoni, akalimwaga katikati ya saluni aliyoifagia mwenyewe jana, nywele nyeusi na mvi zikatapakaa hadi chini ya viti. Alilikung'uta sweta kwa mkono mmoja. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Aliligeuza ndani nje ili azitoe nywele, na hapo akaona buluu.

Ndani ya sweta, kifuani, kulikuwa kumeshonewa kitambaa cha buluu. Mishono ilikuwa midogo, imepangana, mishono ya mtu anayeshona ngozi za watu. Kinyozi alilijua doa la mafuta ya mashine kwenye mfuko ule. Alilijua na tundu la kifungo kilichong'oka. Lilikuwa shati lake.

Aliketi kwenye kiti cha wateja, sweta magotini, akabaki kujitazama kiooni bila kujiona.

Alipofika nyumbani gari la daktari wa mifugo lilikuwa limesimama mlangoni. Mtu mrefu mwenye buti za mpira alikuwa uani na fimbo yake yenye kitanzi, Nesi amesimama pembeni amejikumbatia. Kinyozi aliingia amejaa nywele za mtaa mzima mabegani.

"Mwacheni," alisema. "Nilimchokoza. Alikuwa anakula, nikavuta sweta lake. Alinionya nikavuta tena. Nikalificha saluni. Ndiyo maana hali."

Alilitupa sweta mbele ya Meneja. Mbwa yule alilinusa upande mmoja, akapiga chafya kwa sababu ya nywele, akalinusa ndani, kwenye buluu, muda mrefu. Kisha akalizunguka mara tatu, akajilaza juu yake na kushusha pumzi. Nesi alisukuma bakuli kwa ufagio. Meneja alikula akiwa amelala vile vile, hakuacha punje.

Daktari wa mifugo alikunja kamba ya kitanzi chake. "Kwa hiyo mgonjwa hapa hakuwa mbwa," alisema. Alimpima kwa mbali, akasoma kadi, akaamua: siku kumi tangu siku ya kuuma, nyumbani, afungwe, aangaliwe asubuhi na jioni kama anakula na kunywa, na sindano za Kinyozi ziendelee mpaka siku hizo ziishe. Akaondoka anatikisa kichwa.

Nesi alisubiri mlio wa gari uishe.

"Mbwa humzoea mtu kwa pua," alisema. "Nikashona shati lako ndani ili alale nalo. Kila Jumamosi nalifumua shati kwanza, nalifua sweta, kisha nalishonea tena bila kulifua, harufu yako isitoke. Nilitaka ikifika mwaka, asijue tena anamlalia nani."

"Mke wangu..."

"Bado sijamaliza. Ulipolivuta, alikuwa anakunyima shati lako mwenyewe." Hakucheka. "Miezi saba watu wananiuliza, huyu na yule vipi. Majirani, ndugu, hata wagonjwa. Sijawahi kuwalinganisha. Hata kichwani mwangu, hata siku moja. Leo umenilazimisha. Yule hakuwahi kunidanganya."

Akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Hakuna alichoogopa Kinyozi duniani kuliko sentensi ile, na aliipata kwa mkono wake mwenyewe, huo huo uliofungwa kitambaa. Hakujitetea. Alirudi saluni akafagia nywele, akampigia daktari simu akamweleza ukweli ili faili lirekebishwe. Daktari alimkemea vya kutosha, kisha akamkumbusha vidonge.

Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyemlisha Meneja, asubuhi na jioni, akisukuma bakuli kwa ufagio na kuondoka zake mpaka limalizwe. Aliandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa jikoni: amekula, amekunywa, ametembea, hatoi mate. Mkono ulioshwa kila siku kwa maji na sabuni. Nesi alibadilisha kitambaa, akakagua uvimbe, akauliza kama ana homa. Zaidi ya hapo hakusema naye, na akiingia jioni swali lilikuwa lile lile. "Meneja amekula?" Kinyozi alijibu vizuri, kwa adabu, na hakuhesabu tena nani kakunwa mara ngapi. Au tuseme alihesabu, lakini hakuandika.

Siku ya kumi ilikuwa Alhamisi. Uvimbe ulikuwa umekwisha, yamebaki makovu mawili ya waridi. Meneja alikuwa amekula mara mbili na kuomba ya tatu, na mkia ulitikisika hata kwa Kinyozi, kidogo, kwa kipimo. Kinyozi alijaza mstari wa mwisho wa karatasi, akasimama karibu na mlango kumsubiri mkewe, jibu liko tayari mdomoni.

Nesi aliingia. Hakuvua viatu. Hakutua mkoba.

"Mkono unaendeleaje?"

"Amekula," alijibu Kinyozi.

Walitazamana. Nesi alibana midomo, akashindwa, kicheko kikamtoka puani. Alitua mkoba sakafuni, akampita Meneja bila kumwangalia, akamwekea mumewe kiganja nyuma ya sikio, pale nywele zinapoishia, akakiacha hapo.

Meneja aliona. Aliinuka juu ya sweta, akawageuzia mgongo na kulala akiwa ameelekea ukutani, amenuna. Kinyozi aliijua sura ile. Alikuwa ameivaa miezi saba.

"Mkune na yeye," alisema. "Kamaliza siku zake."